720720, 2147483647 au 4294967297: ipi uiandike ubaoni?

Kila mwaka klabu yetu ya hisabati inapoanza upya, mimi huchagua namba moja kubwa na kuiandika juu kabisa ya ubao, kwenye kona ambayo dasta haifiki. Inakaa pale muhula mzima. Kila Ijumaa baada ya vipindi tunaichokonoa kidogo: ina vigawo vingapi, ni tasa au si tasa, nani aliihangaikia zamani, leo inafanya kazi gani. Nimejaribu nyingi. Zilizobaki mkononi ni tatu, na walimu wenzangu pamoja na wazazi wanaofundisha watoto nyumbani wameniuliza mara nyingi waanze na ipi. Inategemea una watoto wa darasa gani na una Ijumaa ngapi. Ila nina ninayoipenda kuliko zote, na sitaificha.

| | 720720 | 2147483647 | 4294967297 |
|---|---|---|---|
| Inavyoundwa | 720 × 1001 | 2³¹ − 1 | 2³² + 1 |
| Idadi ya vigawo | 240 | 2 | 4 |
| Vigawo tasa | 2, 3, 5, 7, 11, 13 | yenyewe tu | 641 na 6700417 |
| Inawafaa | darasa la sita hadi kidato cha kwanza | kidato cha tano na sita | kidato cha pili na kuendelea |
| Muda | Ijumaa moja au mbili | tatu, kwa wenye subira | muhula mzima ukitaka |

720720: namba ya kugawana

Hii anza nayo kwa fedha, watoto wataelewa mara moja. Kikoba kimevunja mfuko wake mwisho wa mwaka na kuna shilingi 720,720 za kugawana sawa kwa sawa. Wanachama wakiwa 7, kila mmoja anaondoka na 102,960. Wakiwa 11 ni 65,520 kila mtu. Wakiwa 13 ni 55,440, na wakiwa 16 ni 45,045. Chagua idadi yoyote kuanzia mtu 1 hadi 16, haibaki hata shilingi. Akiongezeka wa 17, zinabaki shilingi 5 mezani.

Ukiona hivyo ujue hapa kuna KDS. 720720 ndiyo kigawe kidogo cha shirika cha namba zote kuanzia 1 hadi 16, na ni vizuri kuwaonyesha watoto namna inavyojengwa badala ya kuwapa jibu. KDS ya 1 hadi 15 ni 360360. Ndani yake zimo 2 tatu tu zilizozidishwa pamoja, wakati 16 inataka nne, kwa hiyo unazidisha kwa 2 unapata 720720. Ukitaka na 17 iingie, hakuna njia ya mkato, 17 ni tasa na haimo humo hata kidogo. Unazidisha kwa 17 nzima na kufika 12252240. Nimeona watoto waliokariri KDS tangu darasa la nne wakiielewa siku hiyo.

Halafu kuna umbo lake. 720 imejirudia mara mbili, na hilo halikutokea kwa bahati: 720720 ni 720 × 1001, na 1001 ni 7 × 11 × 13. Mwambie mtoto aandike tarakimu tatu zozote, azirudie, kisha agawanye kwa 7, jibu aligawanye kwa 11, na jibu la hapo aligawanye kwa 13. Akianza na 348348 atapata 49764, kisha 4524, kisha 348 aliyoanza nayo. Hapo usieleze sababu. Waache warudi nayo nyumbani.

Vigawo 240 havihesabiwi kwa kuorodhesha. Namba yenyewe ni 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13. Kila kigawo kinapatikana kwa kuchagua: unachukua 2 ngapi? Hakuna, moja, mbili, tatu au nne, yaani njia 5. 3 ngapi? Njia 3. Zile nne zilizobaki, kila moja ama unaichukua ama unaiacha. 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 240. Na hakuna namba ndogo kuliko 720720 inayofikisha vigawo vingi hivyo. Namba za aina hii Ramanujan, mwanahisabati wa India, aliziandikia makala ndefu mwaka 1915.

Upungufu wake ni kwamba ni namba ya wazi mno. Ukishaichanganua imekwisha, haina kilichojificha. Kwa watoto wadogo hiyo ni sifa. Kwa kidato cha tatu, Ijumaa ya pili wataanza kuangalia saa.

2147483647: tasa inayojulikana na kila kompyuta

Mwanafunzi mmoja wa kike aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, kwani tasa si yule asiyezaa? Sasa mbona unasema namba zote zinatokana na tasa?" Ni swali ambalo asiyeongea Kiswahili hawezi kuliuliza, na tangu siku hiyo silipiti haraka. Jina linatazama ndani ya namba: ukiifungua 2147483647 hukuti namba nyingine ndogo humo zaidi ya 1. Lakini kwa nje ni kinyume kabisa, maana kila namba isiyo tasa imejengwa kwa tasa na si kwa kitu kingine. Nawaachia wenyewe waamue kama jina linafaa.

Mvuto wa namba hii uko nje ya daftari. Ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa katika nafasi ya biti 32 (yaani tarakimu 32 za 0 au 1) yenye alama ya chanya au hasi, na kompyuta nyingi za zamani zilihesabu muda kwa nafasi hiyo: sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa. Sekunde ya 2147483647 itafika Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kwetu Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, wakati watoto wa siku hizo wapo njiani kwenda shule. Mfumo ambao haujapanuliwa utaruka hadi hasi 2147483648 na kudhani ni Desemba 1901. Waambie wanafunzi wahesabu wenyewe umri watakaokuwa nao siku hiyo. Hakuna namba nyingine kubwa niliyowahi kuandika ubaoni ikawa na tarehe yake.

Ina na mtoto wake, ukitaka kuliendeleza lile swali la utasa. Izidishe kwa 2³⁰ upate 2305843008139952128. Hii ni namba timilifu: jumla ya vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, inarudi kuwa ileile, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3 na 28 ilivyo 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Kwa kuhesabu kutoka chini ni ya nane.

Shida inakuja pale unapotakiwa kuthibitisha kwamba kweli ni tasa. Kipeuo chake cha pili kinakaribia 46341, na chini ya hapo kuna namba tasa 4792. Hakuna darasa litakalogawanya mara 4792. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alitumia ujanja kupunguza kazi: kigawo tasa chochote cha 2³¹ − 1 lazima kikigawanywa kwa 248 kibakize 1 au 63. Tasa za namna hiyo chini ya 46341 ni kama 80 hivi. Ya kwanza ni 311, nayo inabakiza 35. Inafuata 1303, inabakiza 226. Kisha 1489, inabakiza 199. Na unaendelea hivyo, hapana baada ya hapana, mpaka hapana ya mwisho ndiyo ikupe ndiyo. Jibu la Euler lilichapishwa mwaka 1772, akiwa na miaka 65, macho yake yamepofuka karibu kabisa.

Mimi nilijaribu kugawana kazi hiyo na darasa, kila mwanafunzi tasa mbili. Tulifika kama nusu. Mmoja akikosea hesabu huwezi kujua, kwa sababu baki lisilo sahihi na baki sahihi yanafanana: yote si sifuri. Hilo ndilo tatizo kubwa la namba tasa darasani. Haikupi mahali pa kushika na kusema nimepata.

Kidato cha sita wenye kompyuta wana njia nyingine, ya wanahisabati Lucas na Lehmer: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, rudia, kila mara ukibakiza baki la kugawanya kwa 2147483647. Unapata 14, 194, 37634, 1416317954, na kuanzia hapo lazima ugawanye. Hatua ya 29 ikitoa sifuri, ni tasa. Inatoa.

4294967297: namba iliyomkosesha Fermat

Hii ndiyo yangu. Zidisha ile iliyopita kwa 2, ongeza 3, umefika. Kwa ukubwa ni majirani. Kwa tabia ni mbali kabisa.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kwa mapenzi, aliandika katika barua kwamba anaamini namba za mtindo fulani zote ni tasa. Unaanza na 2 + 1, yaani 3. Kisha 2² + 1 ni 5. Kisha 2⁴ + 1 ni 17. 2⁸ + 1 ni 257. 2¹⁶ + 1 ni 65537. Kipeo kinajizidisha kwa 2 kila hatua. Hizo tano kweli ni tasa zote, na wanafunzi wanaweza kuthibitisha nne za kwanza ndani ya dakika kumi. Ya sita ni 4294967297. Fermat hakupata kigawo chake, wala hakupata uthibitisho kwamba hakina, na bado aliendelea kuamini.

Ilikaa hivyo zaidi ya miaka 90. Mwaka 1732 Euler, kijana wa miaka 25 aliyekuwa St Petersburg, akatangaza kwamba inagawanyika kwa 641. Yaani mtu yuleyule aliyekuja kuifunga 2147483647 uzeeni ndiye aliyeifungua hii ujanani, miaka 40 kabla.

Alichoonyesha Euler ni kwamba kigawo tasa cha namba hii lazima kikigawanywa kwa 64 kibakize 1. Baadaye Édouard Lucas akakaza zaidi: badala ya 64, weka 128. Sasa orodhesha pamoja na darasa: 129, 257, 385, 513, 641. Ya kwanza inagawanyika kwa 3, itoe. 385 inaishia na 5, itoe. 513 inagawanyika kwa 3, itoe. Zimebaki mbili. Namba ya bilioni nne na ushei, na tuna tasa mbili tu za kujaribu!

257 inabakiza 2. Tutarudi kwake. Sasa mpe mwanafunzi chaki agawanye kwa 641, ule ugawanyaji mrefu wa darasa la tano, wengine wakitazama. 4294 inaingia mara 6, inabaki 448. Shusha 9, inakuwa 4489: mara 7, inabaki 2. Shusha 6, ni 26, haitoshi, andika 0. Shusha 7, ni 267, haitoshi, 0 tena. Shusha 2, ni 2672: mara 4, inabaki 108. Shusha 9, ni 1089: mara 1, inabaki 448. Hapa huwa nasimamisha kidogo, maana 448 imerudi, ileile ya mwanzo. Mara ya kwanza ilishushiwa 9 ikabakiza 2. Sasa tarakimu iliyobaki kushushwa ni moja tu, nayo ni 7. Inakuwa 4487. Na 641 mara 7 ni 4487.

Nimeifanya hesabu hii ubaoni miaka kadhaa mfululizo na bado mwili unanisisimka pale kwenye 448 ya pili. Darasa linaona sifuri inakuja kabla haijaandikwa. Jibu ni 6700417, nayo ni tasa.

Wenye nguvu zaidi wapeleke mbele bila kugawanya kabisa. 641 inaandikika kwa njia mbili: 5 × 2⁷ + 1, na 5⁴ + 2⁴, yaani 640 + 1 na 625 + 16. Kwa njia ya kwanza, 5 × 2⁷ ikigawanywa kwa 641 ni kama kubakiza −1. Ipandishe kwenye kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Kwa njia ya pili, 5⁴ ina baki sawa na la −2⁴. Weka −2⁴ mahali pa 5⁴, unapata −2³² inabakiza 1. Basi 2³² inabakiza −1, na ukiongeza 1 haibaki kitu. Mistari minne, na namba kubwa hukuiandika hata mara moja.

Turudi kwa 257 na lile baki la 2. Jaribu 3, nayo inabakiza 2. Jaribu 5, 17, 65537: zote 2. Sababu ni kwamba 3 × 5 × 17 × 257 × 65537 ni 4294967295, pungufu ya namba yetu kwa 2 kamili. Mtindo huohuo unaendelea juu bila kikomo: kila namba ya Fermat ni zao la zote zilizoitangulia, ongeza 2. Kwa kuwa zote ni witiri, hakuna mbili zenye kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Na kwa kuwa namba hizo haziishi na kila moja lazima ilete kigawo tasa chake kipya, namba tasa nazo haziishi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuondoka na uthibitisho huo kichwani.

Hiyo 4294967295 ina hadithi yake. Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1796 kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linachoreka kwa rula na bikari peke yake, na siri yake ni zile tasa za Fermat. Kwa idadi witiri ya pande, kubwa kuliko zote tunayojua kwamba inachoreka ni pande 4294967295. Pande 4294967297 hazichoreki, kwa sababu ya 641. Na ile ya katikati, 4294967296, ndiyo idadi ya anwani zote za intaneti za toleo la 4, zile zilizoonekana nyingi mno kuisha na zikaisha kugawiwa.

Ina na mtego mmoja wa maana kwa wanaopenda kompyuta. Kipimo chepesi cha utasa ni kupandisha 2 kwenye kipeo cha namba pungufu moja na kuangalia kama baki ni 1. 4294967297 inafaulu kipimo hicho ingawa si tasa. Ukitumia 3 badala ya 2, inanaswa. Hapo wanafunzi wanaona kwa nini programu za kulinda siri za benki na simu hazitegemei kipimo kimoja.

Na Fermat? Mpaka leo hakuna tasa nyingine ya mtindo wake iliyopatikana zaidi ya zile tano. Inayofuata, 2⁶⁴ + 1, iligawanywa na mzee Fortuné Landry mwaka 1880, akiwa na zaidi ya miaka 80: inagawanyika kwa 274177. Kinachonigusa ni kwamba mwaka uleule wa 1640 Fermat alikuwa tayari na kanuni ambayo, angeiketia, ingemtosha kufika 641.

Sasa uchague ipi

Una kipindi kimoja na watoto wa msingi: 720720, wala usifikiri mara mbili. Una wanafunzi wanaoandika programu, na mashine hata moja inayowaka: 2147483647, anza na tarehe ya 2038 na uishie na zile hatua 29. Usiwape wagawanye kwa mkono.

Kwa waliobaki wote, kidato cha pili hadi cha sita, chukua 4294967297. Iandike Ijumaa ya kwanza bila kusema ni ya nani wala kama ni tasa. Kikokotoo cha tarakimu 8 hakiipokei, na hiyo ni heri, karatasi itatoka. Wiki ya kwanza watajaribu 3, 7 na 11 na kukata tamaa. Ya pili wape zile tano za Fermat na uwaulize wanadhani ya sita ikoje. Karibu wote watasema tasa, kama alivyosema yeye. Kanuni ya 128 usiitoe mpaka wiki ya tatu. Na siku ya kugawanya kwa 641, chaki mpe yule anayekaaga nyuma, kaa kwenye kiti chake, na usimkatishe akifika kwenye 448.